Popo Watano wa Bi Shu

Mkasi wangu nimeuacha kwenye droo ya kushoto, ile inayogoma kufunguka siku za mvua. Ni wa Wanjiru sasa. Aufunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na asiutumie kukatia kamba za maboksi. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo la maana. Haya mengine nayaandika kwa kuwa nyinyi wasichana mliobaki pale mezani hamkunipa raha: "Shosho, andika, usiende na kila kitu kichwani." Kwanza mimi si shosho, mimi ni bibi, ingawa Wanjiru anasema kwao Nyeri bibi ni mke wa mtu. Pili, sikusoma sana. Kurani nilihitimu chuoni, lakini shule niliishia darasa la tatu, mama alipojifungua pacha na pakawa hapana wa kuwabeba. Mkikuta maneno yamekwenda upande, yasomeni na upande wake.

Nilitoka Pemba mwaka wa popobawa. Kwa nyinyi msio wa kwetu, hicho ni kitu ambacho watu walisema kinaingia majumbani na mbawa za popo. Siwaelezi kilikuwa kikifanya nini. Mtaa mzima tulikuwa tukilala nje, moto unawaka. Mie kwa macho yangu sikukiona, lakini jirani yetu nilimsikia akipiga ukelele, na ukelele ule haukuwa wa mtu anayejifanya. Liwekeni hilo, tutalirudia.

Mwanangu Seif alinileta Lanham, huku Marekani, kulea watoto wake. Nikalea. Muda si mrefu wote wakafika umri wa kusoma, basi la shule la rangi ya manjano likawa linawachukua asubuhi, Seif na mkewe kila mtu na gari lake, na mimi nikabaki na mashine ya joto inayovuta pumzi kule chini ya nyumba. Jirani nilikuwa namwona akitoka gereji na kuingia gereji. Watoto walikuwa wakinisikia Kiswahili changu vizuri tu, lakini jibu linakuja kwa Kiingereza, nami nikawa sielewi nimejibiwa au nimekataliwa. Ikafika mahali nasema na friji. Nikaanza kushona kofia ya viua, ile ya vitundu vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, ya marehemu mume wangu. Najua marehemu havai kofia. Mikono ilikuwa inataka kazi. Seif mwenyewe alikuwa anavaa zile zenye mdomo, za wacheza mpira.

Kazi hii alinitafutia Seif, si mimi niliyeitafuta. Alikuwa anapeleka mizigo kwenye duka la mapambo ya sikukuu la Bwana Wei, kule Fairfax. Bwana Wei akamwambia shangazi yake anakata maua ya karatasi kwa mkono, macho yanamwisha, na hapatikani mtu wa vidole vidogo mwenye subira. Seif akamwambia, "Mama yangu anatoboa kitambaa mpaka kinakuwa kama chujio."

Nikamuuliza Seif nitafikaje, sijui kusoma vituo. Akanambia, "Mama, ile treni ya laini ya chungwa unapanda inapoanzia, unashuka inapoishia. Wote wakishuka, shuka." Kweli. Miaka yote hiyo nimelivuka jiji la wakubwa wa dunia toka ncha hadi ncha, chini ya ardhi, nashona kofia, na sijui katikati mna nini. Mwisho wa reli Bwana Wei alikuwa ananisubiri na gari lake la mizigo. Ujanani alijenga reli kwetu bara, na Kiswahili kilimbakia.

Siku ya kwanza Bi Shu, ndiye huyo shangazi, hakuniamkia. Alikuwa mwanamke mfupi, koti la pamba limefungwa mpaka kooni, amekaa mbele ya rundo la karatasi nyekundu. Kwao ni kaskazini ya China, milima mikavu, watu wanachimba nyumba ndani ya mlima. Dirisha lao ni karatasi nyeupe, na mwaka mpya ukija wanabandika maua mekundu juu yake, samaki, ndege, makomamanga, ili mwaka uingie nyumba iliyopambwa. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile alinipa mkasi na kipande cha karatasi, akanionesha ua kwa kidole. Nikaanza kukata pembeni, kama mtu anayekata nguo. Akanipiga na mpini wa brashi.

"In!" akasema. "In, in!"

Kiingereza chake kilikuwa maneno manne: ndani, nje, polepole na kula. Changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini alikuwa na haki. Unaanza ndani, tundu dogo kuliko yote, halafu unatoka taratibu, na ukingo wa nje ndio wa mwisho. Ukianza nje karatasi inalegea, haina pa kushikwa. Geuza karatasi, mkasi usiugeuze. Manyoya ni meno ya msumeno, na meno yote yawe ya urefu mmoja. Tumbo la samaki ni miezi michanga, iliyopangwa mgongo kwa mgongo. Na kila ua lina mishipa yake. Ukiukata mshipa, ua zima linaanguka mezani, na Bi Shu atalitazama, kisha atakutazama wewe. Mama yangu alinifunza viua vya kofia namna hiyohiyo. Sikuwa mgeni wa kutazamwa.

Gundi ni unga wa ngano na maji, moto mdogo, unakoroga usiache. Bandika kwa nukta, usipake ua zima. Mwakani litatoka bila kuvunja kucha.

Na kiolezo, hapa nisikilizeni, maana mwenzenu Mado anapenda kukimbilia mashine ya fotokopi. Ua zuri likikatwa haliuzwi kabla halijachukuliwa alama. Unaliweka juu ya karatasi nyeupe, unarashia maji mpaka vyote viwili vishikane, halafu unavipitisha juu ya kibatari kinachotoa moshi. Masizi yanaingia kwenye matundu. Ukilibandua ua, chini yake pamebaki umbo leupe katika weusi. Bi Shu alikuwa na bahasha nzima ya maumbo hayo, mengine ya mama yake. Wala hakuuza ua la mtu mwingine bila kujua ni mkono wa nani.

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta pale. Siku ya kwanza alinisogezea bakuli, nikakataa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alichukua bakuli lake akaenda kulia nyuma ya rafu, na toka hapo hakula tena mbele yangu mpaka mfungo ulipokwisha. Hakuna aliyemwambia. Nikamkatia mwezi mchanga kwenye karatasi, nikamwonesha dirishani. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Mwaka wao nao unaingia mwezi ukiandama. Miaka ile ilitokea mwezi mmoja ukatufungulia wote, mimi Idi, yeye mwaka mpya. Seif aliniambia ni bahati ya hesabu. Mimi sikujali ni ya nini. Tulikuwa tukisimama mlango wa nyuma, penye maboksi, tunatazama juu, wanawake wawili tusiojua hata kuulizana umri.

Basi ndiyo hivyo. Nchi hii kubwa yote mimi nilikuwa nina kiti kimoja, na kiti chenyewe ni kile cha upande wa kulia wa Bi Shu. Yeye naye hakuwa na zaidi. Bwana Wei alikwisha anza kuleta mapambo ya plastiki yaliyopigwa chapa, maboksi kwa maboksi, yanang'aa. Meza ya kukatia aliiacha kwa ajili ya shangazi tu. Alisema wazi: siku shangazi akishindwa kazi, meza anaiondoa, na shangazi anakwenda kwa binti yake upande wa magharibi, safari ya ndege ya nusu siku. Na bila vidole vyangu shangazi alikwisha shindwa.

Msimu wa pili, Ramadhani tena, Bi Shu akafungua ile bahasha na kunitolea kiolezo ambacho sikuwahi kukiona. Alama duara katikati, na vipepeo watano wameizunguka. Akanipa karatasi nyekundu mpya, isiyo na mkunjo. Akanigonga kifuani kwa kidole, kisha akaonesha mbali, upande wa treni. Ni langu, nikabandike kwangu.

Nikashika mkasi. Nikatafuta tundu dogo kuliko yote. Ndipo nikaona vipepeo wana masikio.

"Bwana Wei! Hawa ni nini?"

Akaja anatafuna. "Popo hao, mama. Popo watano. Heshima kubwa hiyo, shangazi hampi mtu. Kwetu popo anaitwa fu. Na baraka nayo ni fu. Sauti moja."

"Fu?"

"Fu."

"Kwetu ukisikia fu ni mfu," nikasema. "Maiti. Na popo ana ubaya wake, mie nimeukimbia juzi tu. Dirishani kwangu hawakai. Sikati."

Bwana Wei ni mtu anayependa kutafsiri. Alicheka, akamgeukia shangazi yake, akamweleza kila kitu, na mikono akaitumia. Nilimwona Bi Shu uso ukimbadilika. Hakufoka. Alichukua kipande cha karatasi nyekundu, akainuka, akanishika kidevu, akanipangusa mdomo. Kwa nguvu. Kama mtoto aliyekula uji.

Mimi mtu mzima, mjane, nimefunga, napanguswa mdomo mbele ya mwanamume! Nikauweka mkasi. Nikavaa koti. Bwana Wei akawa nyuma yangu, "Mama, mama, ngoja nikueleze." Nikamwambia anirudishe kwenye treni, na njia nzima nisisikie tafsiri.

Nikakaa Lanham wiki na zaidi. Seif akasema, "Afadhali, mama. Umehangaika. Pumzika." Nikapumzika. Mashine ya joto ikavuta pumzi. Basi la manjano likaja, likaenda. Magharibi nafungua saumu kwa tende na maji, peke yangu, wao bado wako barabarani. Nikatafuta kofia nishone, sikuiona, nikakumbuka. Ukuta wa kofia, ile sehemu ndefu inayozunguka kichwa, niliuacha juu ya meza. Duara lake la juu lilikuwa mfukoni mwa koti. Sasa hata kwa marehemu sina cha kushona.

Nikarudi kuchukua kofia. Nawaambia ilivyokuwa: nilirudi kuchukua kofia, na kumwambia Bwana Wei atafute mtu.

Bi Shu alikuwa mezani, kichwa kimeinama mpaka pua inagusa karatasi. Ukuta wa kofia yangu ulikuwa mbele yake. Mweusi. Mweusi, nawaambia, kama umetoka jikoni. Miezi ya kushona ndani ya treni, uzi mweupe wa kuagiza, umekuwa tambara la sufuria.

"Umefanya nini?" nikamwambia kwa Kiswahili. "Hee! Umenipangusa, sasa na hii umenichomea?"

Akanijibu kwa Kichina, maneno mengi, na yeye sauti juu. Nikamjibu. Akanijibu. Nadhani tulielewana kila kitu. Bwana Wei akatoka nyuma ya maboksi na safari hii hakucheka.

"Hakuichoma, mama. Ameichukua alama," akasema. "Ameirashia maji, ameipitisha kwenye moshi. Hajawahi kuichukulia alama kazi ya mtu tangu afike Marekani."

Bi Shu akasukuma kitu kuelekea kwangu. Karatasi nyekundu iliyokunjwa. Nikaikunjua pale nimesimama. Zilikuwa nakshi za kofia yangu, kiua kwa kiua, zimezunguka duara, na katikati mwezi mchanga. Popo hakuwamo. Meno hayakuwa sawa, ya upande mmoja yalikuwa marefu kuliko ya upande wa pili, kwa sababu alikuwa hayaoni. Alikata bila vidole vyangu, usiulize amekata mara ngapi, kikapu cha taka kilikuwa kimejaa nyekundu.

"Na ule mdomo?" nikamuuliza Bwana Wei. "Mdomo nao alikuwa anachukua alama?"

"Toka siku hizi za kungoja mwaka mpaka mwezi wake upevuke, kwetu neno la kifo halisemwi. Mtoto akilisema, anapanguswa na karatasi, ili lisihesabiwe. Alikuwa anakulinda."

"Lisihesabiwe na nani?"

Akafikiri. "Na mwaka," akasema.

Nikavua koti. Bi Shu akakivuta kile kiolezo cha popo, akakiweka chini ya kiwiko chake, akanipa samaki. Samaki sina neno naye. Nikaanza na tundu la jicho.

Kofia niliifua mara nyingi, kwa sabuni ya unga, kwa ndimu. Masizi yalibaki kwenye vitundu, rangi ya moshi, yakikaribia kupendeza. Nikaimalizia hivyohivyo.

Tukakata pamoja msimu ule, na uliofuata, ambao ulikuwa mwaka wao wa chui-milia. Mistari ya chui-milia inachosha, msimtake mtu yeyote aifurahie. Wanyama wao wa miaka ni kumi na wawili, na yule mmoja ambaye kwetu haliwi alimkata yeye mwenyewe, mimi nikitazama pembeni, wala hakuniuliza. Popo hatukuwagusa. Alianza kukata kwa kupapasa. Ananipa mkono, namwekea kidole mahali mkasi unapoingia, anakata, anasimama, ananipa mkono tena. Mwisho hata kwa hivyo haikuwezekana.

Siku yake ya kuondoka kwenda kwa binti yake nilikwenda naye kwenye gari mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa na sanduku moja na bahasha. Kule kwenye viti vya kungojea akatoa kiolezo cha popo watano, akaniwekea mapajani. Karatasi nyekundu hakunipa. Hakuonesha kidole upande wowote. Mimi nikatoa kofia, nikamvika. Haikuwa imepimwa kichwa chake, ilimkaa kama imepimwa. Watu walikuwa wakitazama, bibi wa Kichina na kofia ya mwanamume wa Pemba yenye madoa ya moshi. Aliishika kwa mikono miwili na hakuivua. Ndivyo alivyoingia ndani.

Baada ya hapo ndio nyinyi. Bwana Wei hakuiondoa meza, sijui kwa nini, nami sikuuliza asije akakumbuka. Wanjiru alikuja akitoka zamu ya kulea wazee, anasinzia na mkasi mkononi. Nilimpiga na mpini wa brashi, anajua. Mado alikuja na *ciseaux* zake, ndivyo wanavyouita mkasi kwao. Mnakata vizuri. Wanjiru mishipa yake ni minene, woga tu, utamtoka. Mlikuwa mkicheka na redio na kuongea mambo ya simu na wanaume, na mimi nilikuwa nafurahi kuwasikia, lakini kiti cha kushoto, kile cha Bi Shu, mlikuwa mkikiwekea makoti, na mara nyingi nilitaka kuwaambia myaondoe. Nikayaacha. Makoti yana haki ya kukaa.

Mwaka wa kwanza bila Bi Shu miezi yetu ikaachana. Idi ikaja mapema, mwaka wao ukachelewa. Nilitazama mwezi wao peke yangu hapa Lanham, kwenye ngazi ya nyuma. Kesho yake simu ikalia. Mjukuu wangu Salma akapokea, akasikiliza, akakunja uso.

"Bibi, it's some lady. She keeps saying foo."

Nikaichukua. Upande wa pili pumzi tu.

"Fu," ikasema sauti.

Nikatazama dirisha. Nikatazama mtoto. "Fu," nikasema.

Akacheka. Kicheko chake sikuwahi kukisikia, miaka mitatu mezani. Hatukuwa na neno jingine la kuambiana, tukakaa na simu masikioni mpaka mtu wa kwake akamwondolea. Salma akaniuliza nilikuwa naongea lugha gani. Nikamwambia zote mbili.

Mwaka huu dole gumba langu halifungi mkasi, ndiyo maana nimestaafu. Mmenipa keki, asanteni, ilikuwa tamu mno. Mwezi wao umeandama siku chache hizi. Simu haijalia. Nimekaa karibu nayo na ushonaji, nimewakatalia watoto kuitumia. Bwana Wei sikumpigia. Siku hizi kuna maswali hayaulizwi, mpaka mwezi uwe mpevu, na mwezi bado ni mwembamba.

Jana Salma alitoka shule akanikuta pale pale kwenye kiti. Akaitazama simu, akanitazama.

"Bibi," akasema, "yule rafiki yako..." Kwa Kiswahili. Amekitafuta Kiswahili chote hicho kwa ajili yangu. "Yule rafiki yako amekuf—"

Nilikuwa na kipande cha karatasi nyekundu mfukoni mwa aproni, mtu wa kazi hii havimwishi. Nikamshika kidevu nikampangusa mdomo, kwa nguvu, mara ya pili na ya tatu. Rangi ikamhamia midomoni.

"Ow! Bibi! What was that for?"

Nikamwambia akanawe. Kisha nikaenda kabatini nikakitoa kiolezo, nikakiweka mezani kwenye mwanga, popo watano weupe ndani ya masizi, na karatasi nyekundu mpya isiyo na mkunjo, na mkasi wa jikoni. Dole gumba linauma. Nimeanza ndani. Popo wa kwanza tayari ana masikio.